"My Father He Is Coming": Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Viwakilishi vya Kiingereza kwa Watoto

Ukisahihisha madaftari ya watoto wanaojifunza Kiingereza, kalamu nyekundu huchoshwa na vineno vifupi: he, she, it, him, his, they. Neno refu kama "beautiful" mtoto analikariri mpaka analipatia. Haya ya herufi mbili tatu ndiyo yanamshinda, na ukimrekebisha leo kesho anarudia lile lile, hata unaanza kudhani hasikilizi.

Anasikiliza. Ila Kiswahili kimemzoesha kubeba watu ndani ya kitenzi. Katika "nilimwona" kuna watu wawili, aliyeona na aliyeonwa, na hakuna hata mmoja aliyesimama kama neno la peke yake. Kiingereza kinawatoa wote nje, "I saw him", kisha kinamuuliza mtoto maswali ambayo Kiswahili hakijawahi kumuuliza: huyo ni wa kiume au wa kike?

Kwa hiyo kabla ya kusahihisha, mwambie mtoto aseme kwa Kiswahili kile alichotaka kusema. Mara nyingi utaliona kosa limetulia ndani ya sentensi ya Kiswahili iliyo sahihi kabisa. Hapo ndipo pa kuanzia. Dalili zifuatazo sikuzipanga kama vitabu vya sarufi vinavyopanga. Nimeanza na zile zinazovunja sentensi nzima.

"My father he is coming"

Kwa Kiswahili alitaka kusema "Baba yangu anakuja". Ile a- haiachiki. Ukiiondoa unapata "Baba, nakuja", na huyo ni mtoto anayeitikia wito, si baba anayekuja. Mtoto amefundishwa kwamba "he" ni a-, akaiona a- katika sentensi yake, akaitafsiri. Kumwambia "umerudia" hakumsaidii, kwa sababu machoni pake hajarudia chochote.

Dawa imo katika Kiswahili chenyewe. Andika ubaoni "Baba ni mwalimu", kisha uliza a- iko wapi. Haipo; baba amekaa mbele peke yake. Mwambie kwamba Kiingereza kinamkalisha baba hivyo katika kila sentensi, hata anapokuja, anapokula na anapolala. Baada ya hapo mimi huweka kiti kimoja mbele ya darasa. Mtoto mmoja anakalia akiwa na kadi iliyoandikwa "my father". Anakuja mwingine mwenye kadi ya "he" naye anataka kukaa, na hapo watoto wenyewe hupiga kelele kwamba hawatoshi, mmoja lazima ainuke. Baadaye unapokuta kosa hilo daftarini, chora kiti kidogo pembeni. Hahitaji maelezo zaidi.

Jiandae kwa mbishi mmoja atakayesema amesikia Waingereza kwenye filamu wakisema "My dad, he loves fishing". Amesikia vizuri. Wanaongea hivyo, wakimtaja mtu kwanza, wakatua, kisha wakamsemea. Mpongeze kwa masikio yake, umwambie kwamba hiyo ni ya mdomoni na haiingii kwenye insha.

"Is raining", "Is good you came", "Went home"

Hapa kiti kiko wazi. Usivichukulie vyote kuwa kosa moja, maana vina vyanzo viwili.

Kama mtoto huacha kiwakilishi pale tu sentensi inapoanza na "is", chanzo ni neno "ni". "Ni vizuri umekuja" haina mtenda mbele yake, na mtoto anajua kwamba "ni" ni "is", basi ameanza na "is". "Inanyesha" nayo ni neno moja tu, na i- yake ni ndogo kiasi kwamba haihesabu. Hapa usihangaike kumtafutia maana ya "it". Katika "It is raining" hiyo "it" haielekezi kwenye kitu chochote. Imewekwa kwa sababu Kiingereza hakivumilii kiti kitupu. Mtoto aliyekwisha kucheza mchezo wa kiti huelewa mara moja. Kiti hubaki kitupu katika amri tu, "Come!", kama sisi tunavyosema "Njoo!".

Kama anaandika pia "Went home" au "Ate rice", ugonjwa ni mwingine: anaamini kitenzi kimembeba mtu, kama "nilikwenda" inavyombeba. Mwandikie safu mbili. Upande mmoja nilikwenda, ulikwenda, alikwenda, tulikwenda, walikwenda. Upande wa pili went, went, went, went, went. Muulize upande wa pili unamwambiaje nani alikwenda. Atakaa kimya, kisha atacheka.

"My sister he is tall"

Wazazi wengi huanza na hili kwa sababu linachekesha, na ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote kupona. Mtoto anajua dada yake ni msichana. Asichokuwa nacho ni mazoea ya kulichagua jambo hilo kila anapofungua mdomo, kwa sababu "yeye" na a- hazijawahi kumtaka achague.

Pima kwanza. Mpe picha, aandike sentensi tano bila haraka. Akipatia kwenye maandishi lakini akikosea anapoongea, anajua kanuni ila ulimi haujaizoea. Sarufi zaidi haitamsaidia, anahitaji kuongea zaidi. Akikosea kotekote, hajashika neno gani ni la nani, na mara nyingi amechanganywa na sisi tuliomfundisha "he" na "she" siku moja, ubavu kwa ubavu, kama mapacha wasio na alama. Mimi huyatenganisha. Wiki nzima tunamzungumzia mhusika mmoja, msichana: she wakes up, she eats, she runs. Hakuna mwanamume anayetajwa. Wiki inayofuata anaingia kaka yake. Wiki ya tatu ndipo wanaishi nyumba moja.

Kuna kosa la mwalimu linaloongeza ugonjwa: kumkatiza mtoto katikati ya hadithi na kumuuliza "He or she?" Mtoto aliyekatizwa hubahatisha. Akisema "he" nawe ukakunja uso, atasema "she" bila kufikiri chochote. Afadhali umrudishie sentensi ikiwa nzima, kama vile unaitikia: "Oh, she is tall? How tall is she?" kisha mwache aendelee.

"Juma loves her mother"

Juma ni mwanamume, kwa nini "her"? Wakati mwingine ni lile lile la he na she. Lakini kama mtoto huyo huyo haandiki "Juma, she", ujue chanzo ni kingine, na kinavutia.

Katika Kiswahili, kimilikishi hukitazama kitu kinachomilikiwa: kitabu chake, viatu vyake, mama yake. Ch-, vy- na y- zinafuata kitabu, viatu na mama. Mwenye mali amebaki katika -ake, ambayo haisemi kama ni wa kiume au wa kike. Mtoto amezoea kutazama mbele, kwenye kitu, ili aamue umbo la neno. Anafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza: anatazama mbele, anamwona "mother", naye ni mwanamke, anaandika "her". Ana kanuni, na anaifuata vizuri. Ila si kanuni ya Kiingereza.

Kiingereza hutazama nyuma, kwa mwenye mali. Mfundishe kulifunika kwa kidole neno linalofuata kimilikishi, ili "mother" asionekane kabisa, kisha ajibu: ni wa nani? Ni wa Juma. Juma ni nani? Mvulana. "His." Achore mshale kutoka "his" kurudi kwa Juma. Mishale ikienda mbele badala ya kurudi nyuma, unajua bado. Ukitaka aone uzito wa kosa, mwambie kwamba msomaji wa Kiingereza akiona "Juma loves her mother" anaanza kumtafuta mwanamke mwingine ambaye Juma anampenda mama yake.

Hapo hapo utakuta "This book is my" au "yours book". Kwa Kiswahili "kitabu changu" na "hiki ni changu" hutumia neno moja. Kiingereza kina mawili: "my" halisimami bila jina baada yake, "mine" linasimama peke yake. Vivyo hivyo your na yours, our na ours, their na theirs. "His" peke yake halibadiliki, jambo ambalo mtoto mwerevu atakuuliza, mkubalie tu.

"I saw he", "Give I the pen"

"Yeye" ni "yeye" popote utakapomweka, na "mimi" ni "mimi". Ukimfundisha mtoto kwamba he ni yeye, umemwambia kwamba linafaa kila mahali. Ni bora kumfundisha kwamba "he" ni a- na "him" ni -m-. Katika "alimwona" amekwisha kubadilisha umbo bila kujijua: a- ya anayeona, -m- ya anayeonwa. He saw him.

Lakini usiahidi kwamba lugha hizi mbili zitaendana mpaka mwisho. "Ni" yetu haibadiliki: ninakuona, unaniona, ni ile ile. Kiingereza kinaibadilisha, I na me. Kwa upande mwingine sisi tunaibadilisha u- kuwa -ku-, unaona na ninakuona, wakati "you" ya Kiingereza haisogei. "Tu" yetu imetulia, tuliwaona na walituona, yao inageuka kutoka "we" hadi "us". Mtoto akijua mapema mahali lugha zinapoachana, hatashangaa. Katika Kiingereza zinazobaki vile vile ni mbili tu, you na it.

"Her" ina mtego wake. Inafanya kazi mbili: "I saw her" na "her bag". Upande wa kiume kazi hizo zina maneno mawili, him na his. Ndiyo maana mtoto anaandika "I took him bag". Amefikiri kwamba kama "her" inatosha pande zote, "him" nayo itatosha.

"The books are on the table. It is red"

Alifundishwa kwamba "they" ni "wao", na kwa Kiswahili vitabu si wao. Wao ni watu. Vitabu ni vi-, kalamu ni zi-, mayai ni ya-. Mtoto anaona aibu kuviita vitabu "wao", anakimbilia "it". Mweleze kwamba Kiingereza hakina ngeli. "They" inawabeba wote wakiwa wengi, watu, mbuzi, mawe na mawingu. Baadhi ya watoto hufurahi kusikia kwamba kuna mahali Kiingereza ni rahisi kuliko Kiswahili. Wape furaha hiyo.

Wanyama ni jirani wa tatizo hili. Sisi tunasema "mbwa anabweka" kwa a- ile ile ya mtu, kwa hiyo mtoto anamwita mbwa "he". Usiweke mkasi haraka. Mnyama asiyejulikana huitwa "it", lakini mnyama wa nyumbani mwenye jina Waingereza wenyewe humwita he au she, na katika hadithi za watoto sungura na fisi hupewa hadhi hiyo pia. Sahihisha pale tu anapochanganya: mstari wa kwanza it, wa pili he, na ni mbwa yule yule.

"You is my friend"

Hoja ya mtoto: wewe ni mmoja, na mmoja huchukua "is". Mjibu kwa historia. Zamani "you" ilikuwa "ninyi". Mtu mmoja aliitwa "thou", na neno hilo lilififia katika matumizi ya kawaida, hasa kufikia karne ya 17, watu wakabaki kumwita kila mtu "ninyi". Kitenzi kikabaki cha wingi: you are. Watoto wa miaka kumi hivi wanaipenda hadithi hii, na hawaisahau kama wanavyosahau kanuni.

Kwa njia hiyo hiyo unaweza kumweleza "they" ya mtu mmoja, kama "Someone left their bag". Imetumika katika Kiingereza tangu karne ya 14, na sisi wenye "yeye" isiyobagua ndio tungepaswa kuielewa upesi. Msiikate.

"We went with my brother", na walikuwa wawili tu

Hili halionekani kwenye karatasi. Sentensi ni safi, mwalimu anaipa alama ya vema na kuendelea. Tatizo linajitokeza ukihesabu watu. "Tulikwenda sokoni na kaka yangu" kwa Kiswahili huweza kuwa mimi na kaka, basi. "We went with my brother" kwa Kiingereza ni sisi, tulio wawili au zaidi, kisha kaka akaongezeka. Muulize mtoto: mlikuwa wangapi? Akisema wawili, sentensi yake ni "I went with my brother" au "My brother and I went". Nilipita kosa hili kwa miaka mingi kabla ya kulitambua, na nadhani watu wazima wengi tunalo mpaka leo.

"The boy that I saw him", "The book I have read it"

Chanzo: "mvulana niliyemwona", "kitabu nimekisoma". Kile -m- na kile -ki- vimetafsiriwa. Katika Kiingereza "that" au "the book" imekwisha kuchukua nafasi hiyo. Tumia tena mchezo wa kiti, safari hii ukikiweka nyuma ya kitenzi na kukiacha kitupu.

Anayeandika "the man which" amefuata amba-, shina moja linalowafaa watu na vitu. Who ni ya watu, which ni ya vitu, that inakwenda kote. Haihitaji zaidi ya hapo.

"They love themselves"

Kama alitaka kusema "wanajipenda", amepatia. Kama alitaka "wanapendana", amewageuza marafiki wazuri kuwa watu wenye majivuno. Kiswahili kinatenganisha hayo mawili vizuri sana, -ji- mbele na -an- nyuma, kwa hiyo mrudishe kwenye Kiswahili: unasikia -ji-, andika themselves, unasikia -an-, andika each other.

-ji- haibadiliki: nimejikata, umejikata, wamejikata. Kiingereza kinabadilisha kwa kila nafsi, na hapo ndipo "hisself" na "theirselves" zinapozaliwa. Mtoto akiandika hivyo usimcheke. Amesoma my-self, your-self, our-selves, akaona mtindo, akaendelea nao: his, their. Kiingereza ndicho kilichobadili mtindo katikati ya safari na kuchukua him na them. Hili ni la kukariri tu.

"What is your name?" "Your name is Asha"

Wadogo sana. Wamezoea kuitikia kwa pamoja kile mwalimu anachosema, basi wanakirudisha kama kilivyo. Wengine hujitambulisha darasa zima kwa jina la mwalimu. Hutaliponya hili ukiwa mwalimu peke yako mbele yao. Tafuta mtu wa tatu, hata mwanasesere, umuulize naye ajibu, watoto wasikie "your" ikigeuka "my" inapovuka kutoka mdomo mmoja hadi mwingine.

Mengine ya haraka

"Its" na "it's": ifungue iwe "it is" au "it has". Ikileta maana, weka ritifaa; isipoleta, iache. Watoto wanaijua alama hiyo kutoka kwenye ng'ombe, ila huko inaonyesha sauti na hapa inaonyesha herufi iliyodondoka.

"I" ni herufi kubwa popote ilipo, hata katikati ya sentensi. Nyingine hazipati heshima hiyo.

"Me and Juma went" ni mimi na Juma, neno kwa neno. Mwambie amwondoe Juma asikilize: "Me went"? Atajirekebisha. Ila kama bado ana matatizo ya kiti, hili liache kwa mwaka mzima.

"Asha told Rehema that she had lost her pen." Nani kapoteza? Hata Kiswahili chake hakisemi. Hapa hakuna kosa la tafsiri, arudishe jina.

Ukikuta yote kwa mtoto mmoja

Usiyaguse yote. Anza na kiti, kilichojaa mno au kilicho kitupu, kwa sababu bila hicho hakuna sentensi. Kisha a- na -m-. His na her baadaye. Katika daftari, weka alama kwenye aina moja tu ya kosa kwa wiki. Mengine yaone uyapite, hata kama mkono unawasha.

Kupona kwenyewe hakuji kimya. Siku moja utamsikia anasema "My sister he... she is tall", akijikata mwenyewe katikati. Atakuwa amekosea, tena kwa sauti, na huenda akafanya hivyo kwa miezi. Usimsaidie. Mwache amalize sentensi.